Video nyuma ya waigizaji: uchukue laptopu ya kawaida, Mac, mashine ya Resolume au kidude kidogo cha kurushia?

Kikundi chetu kipo Arusha ila nusu ya maonyesho tunafanya Moshi, kwa iyo vifaa vyetu vinapanda Coaster mara nyingi kuliko vinavyokaa stoo, na kila msimu kuna kikundi kingine kinapiga simu kuuliza, tuna hela kiasi hiki, tunataka kuweka video nyuma ya waigizaji, tununue nini. Ukienda dukani ukasema shida yako utaambiwa chukua yenye RAM kubwa, basi, hakuna anayekuuliza hiyo video itabonyezwa na nani na itabonyezwa lini.

Hiyo lini ndo kila kitu. Tulikuwa ukumbini Moshi, igizo lina bibi mwenye shamba la kahawa anasubiri mvua. Video zote tulikuwa tumeziunga zikawa faili moja la dakika 38, pale pasipo na picha tumeweka weusi, tukabonyeza mara moja mwanzo na waigizaji wakaambiwa wafuate. Mazoezini ilienda vizuri kabisa. Usiku wenyewe watu wakacheka sana kwenye sehemu ya mkwe, bibi akasubiri kicheko kiishe kama mwigizaji yeyote mzuri anavyosubiri, sasa wakati bado hajafungua mdomo kuomba mvua, mvua ikawa ishaanza nyuma yake, migomba inatikisika, matone yanamshukia kwenye kanga yake nyeupe. Akageuka akaiona. Mistari yote ya kuomba mvua akaisema huku inanyesha. Mi nilikuwa kwenye meza ya nyuma mkono juu ya kibodi na sina la kufanya, maana faili ni moja, ukilisimamisha unaharibu na zote zinazofuata.

Toka siku ile kila kifaa nakipima kwa swali hilo kwanza, je kinaweza kumsubiri mwigizaji.

Vya kupimia

La kwanza ndo hilo la kubonyeza, yani mtu akisema neno lake inachukua vidole vingapi mpaka picha itokee, na ukikosea unarudije bila ukumbi kujua. La pili kuediti, mashine inakata na kutoa video bila kukulaza macho wiki nzima? La tatu umeme, maana kukatika kupo, na hata usipokatika unapanda na kushuka. La nne hela na spea, sio bei ya dukani tu, chaja ikifa Jumamosi saa kumi jioni utapata nyingine wapi. La tano mtu, nani atakaa kwenye kile kiti, na akisafiri nani anakaa badala yake.

Afu kuna kitu watu hawakitenganishi, kuediti na kurusha ni kazi mbili. Ukiwa unaediti mashine ikiganda unazima unawasha unakunywa chai unaendelea. Inaporusha ikiganda ukumbi mzima unaiona. Kwa iyo kama hela ni ndogo acha kuediti kuteseke, hata kwa kuazima mashine ya mtu usiku, ila ya kurushia iwe ya uhakika na ijaribiwe.

Laptopu ya Windows na programu za bure

Kubonyeza: wengi wanaanza na VLC, na kweli VLC inacheza karibu faili lolote, ila ikianza inaandika jina la faili juu ya picha mpaka uende kwenye mipangilio uzime, na kati ya video moja na nyingine ni rahisi watu wakaona dirisha la programu. Mi nashauri OBS. Wengi wanaijua kwa kurusha ibada na harusi laivu ila jukwaani inafanya kazi vizuri, unatengeneza sini moja kwa kila video, unaipa kitufe chake, unaweka na sini nyeusi kabisa, afu unabonyeza kulia unachagua ijaze skrini ya pili ambayo ndo projekta. Hakikisha umetiki pale kwamba video ianze upya kila sini inapofunguka. Na ukitaka uso wa mwigizaji uonekane laivu kwenye kitambaa unachomeka kamera humo humo. Udhaifu wake ni kwamba haikutengenezwa kwa maigizo, haina orodha ya kyu, yani ishara za lini picha au sauti ianze, inayosogea yenyewe, opereta ndo anajua baada ya hii ni ipi. Sisi tulikata selotepu ya karatasi tukaandika MVUA, WEUSI, STENDI, WEUSI tukabandika juu ya vitufe, na mpaka leo tunafanya hivo.

Kuediti: DaVinci Resolve ya bure inakutolea video mpaka 3840 kwa 2160, fremu 60, hiyo ni zaidi ya tunachohitaji, na ukija kutaka toleo la kulipia ni dola 295 mara moja, sio kila mwezi. Ila ni nzito. RAM 16 ndo pa kuanzia na iwe na kadi ya picha yake yenyewe. Kama yako ni RAM 8 tumia Shotcut au Kdenlive na utengeneze proksi, yani nakala nyepesi za kukatia, programu yenyewe inarudi kwenye zile kubwa wakati wa kutoa.

Umeme: betri inakubeba, hapo laptopu inaipita dekstopu mbali sana. Ila za mtumba nyingi betri zimechoka, we kabla hujalipa chomoa chaja, fungua video icheze, kaa hapo hapo dukani dakika 20 uone asilimia zinavyoshuka.

Hela na spea: hapa hakuna inayoishinda. Chaja, keyboard, SSD, fundi, vyote vipo town, Arusha hata Moshi, na ikifa kabisa unaazima nyingine ya mtu yeyote unaweka OBS na mafaili yako jioni hiyo hiyo.

Mtu: yeyote aliyezoea kompyuta. Kazi kubwa ni kuifuga. Zima notifikesheni zote, zima intaneti, iambie isilale, isimamishe apdeti siku kadhaa kabla, na waloopepa ya skrini ya pili iwe nyeusi tii ili hata programu ikifunga watu waone giza tu. Niliwahi kuona meseji ya mchango wa kipaimara inaruka juu ya kitambaa cha mita 4 katikati ya sini ya msiba.

Mac na QLab

Kubonyeza: hii ndo iliyotengenezwa na watu wanaojua maigizo. QLab inakaa kama orodha, kyu ya 1, ya 2, ya 3, na kila kyu inaweza kuwa video, sauti au kufifisha kitu, afu kazi ya opereta ni kugonga kitufe cha spesi tu. Mwigizaji akichelewa, unasubiri. Akiruka ukurasa, unachagua kyu ya mbele unagonga spesi. Mambo yakiharibika kabisa unagonga Esc mara moja na kila kitu kinafifia taratibu kama vile ndo ilivyopangwa. Na sauti ya mvua na picha ya mvua unaziunga zianze pamoja, hiyo peke yake imetuondolea mtu mmoja kwenye meza.

Ila QLab ni ya Mac tu, haipo ya Windows, na toleo la bure lina mipaka. Kwa projekta moja na sauti ya kawaida ya stereo bure inatosha, ukianza kutaka skrini kadhaa au kukunja picha ikae vizuri kwenye kitambaa kilichopinda unahitaji leseni. Kizuri leseni zinakodishwa kwa siku, kwa iyo kikundi chenye onyesho moja kwa mwaka hakilazimiki kununua.

Kuediti: Resolve ya bure ipo pia kwenye Mac, na zile za chipu ya M1 na kuendelea zinakata video bila kelele wala joto. Unaweza pia kutoa ProRes, aina ya faili la video ambayo QLab inaipenda, maana kila fremu imekaa kamili peke yake, ukibonyeza inaanza papo hapo na kulupu, yani kurudia video ile ile bila kukoma, hakukwami. Gharama yake ni nafasi, ProRes 422 ya 1080 fremu 25 ni kama megabiti 122 kwa sekunde, hiyo ni karibia GB moja kwa dakika, kwa iyo Mac ya GB 128 itajaa haraka sana.

Umeme: betri nzuri kuliko zote humu, sina cha kuongeza.

Hela na spea: hapa ndo panapouma. Mac za mtumba zipo ila uliza kwanza inakubali macOS ipi, maana QLab mpya haiwaki kwenye macOS za zamani, usije ukanunua kitu kizuri cha 2012 ukakuta hakifai. MacBook Air haina tundu la HDMI, unahitaji adapta, na adapta ni kitu kidogo kinachopotea kwenye basi, beba mbili. Na Air ya M1 inatoa skrini moja tu ya nje, kama ndoto yako ni projekta mbili zenye picha tofauti sio hiyo. Ikiharibika kioo au bodi, mafundi wake ni wachache na bei ni nyingine.

Mtu: anayepanga kyu anatakiwa ajifunze wiki mbili tatu hivi, ila anayebonyeza hata awe mgeni wa kompyuta anaweza. Tumemkalisha binti wa kidato cha nne, amesoma skripti, anafuata maneno kwa kidole, na hajakosea hata kyu moja kwenye maonyesho matatu.

Laptopu yenye kadi kubwa ya picha na Resolume

Kubonyeza: Resolume imetoka kwenye dunia ya madisko na matamasha, klipu zimekaa kwenye vibokisi, unabonyeza kokote muda wowote, unachanganya, unaongeza rangi, unaunga na kibodi ya MIDI, ile yenye vitufe kama vya kinanda. Kwa igizo la mstari mmoja hiyo ni nguvu nyingi kuliko kazi, na opereta mwenye mikono isiyotulia anaweza kuanza kuchezea picha wakati mama analia jukwaani. Lakini kama jukwaa lako lina maboksi, milango, ukuta wa vibanzi, na unataka kila kimoja kipate picha yake kutoka projekta moja, hakuna hapa kinachoifikia. Angalia jina vizuri, zipo Avenue na Arena, na hiyo kazi ya kupanga picha juu ya vitu na kuunganisha projekta mbili ziwe picha moja ni ya Arena. Ya majaribio unaweza kuishusha bure ukajifunzia, ila inaweka nembo na kelele katikati kwa iyo sio ya onyesho.

Kuediti: mashine yenyewe ina nguvu, Resolve inakimbia. Ila ukishamaliza geuza kila klipu iwe DXV, ambayo ni kodeki yao, yani namna yao ya kubana video, inayofunguliwa na kadi ya picha, na kigeuzi chao kinaitwa Alley ni bure. Mafaili yanakuwa makubwa, SSD ni lazima.

Umeme: hapa ndo inapoanguka. Laptopu hizi kwa betri peke yake nguvu inashuka na haidumu, chaja zake ni kubwa, kwa iyo weka UPS, yani boksi la betri linaloshika umeme ukikatika, na isiwe ya kubahatisha.

Hela na spea: ghali kwenye mashine na ghali kwenye leseni. Inalipa kama kikundi kinachukua pia kazi za harusi, uzinduzi na makongamano, Arusha kazi za mikutano zipo mwaka mzima, basi mashine inajirudishia.

Mtu: unahitaji mtu wake haswa, mmoja anayeipenda, na akihama mji mmebaki na mashine msiyoijua.

Kidude kidogo cha kurushia

Hapa naweka fleshi iliyochomekwa kwenye projekta, vile viboksi vya kuchezea media, na Raspberry Pi, kikompyuta cha bodi moja kinachoenea kiganjani. Kuediti unafanya popote, hata kwenye simu kwa CapCut.

Kubonyeza: kwa fleshi na rimoti ni shida, projekta inaonyesha menyu yake kwa watu wote na kati ya video moja na nyingine kuna pengo. Usiitumie kwa kyu za kufuata maneno. Lakini kama unachohitaji ni mwezi unaoning'inia dakika 50, moto wa jikoni unaowaka bila kukoma, au mawingu ya Kilimanjaro yanayopita nyuma muda wote, hii ndo njia ya watu wenye akili, unaiwasha milango inafunguliwa na unaisahau. Raspberry Pi 4 inatoa HDMI mbili, unaweza kuipanga iwake na kuanza kulupu yenyewe bila kibodi wala mausi, na mwenye ujuzi kidogo anaweka hata kitufe cha kubonyeza.

Umeme: nzuri ajabu. Pi 4 inataka chaja ya volti 5 ampea 3, pawabenki nzuri inaishika. Kumbuka tu kwamba projekta haili pawabenki.

Hela na spea: rahisi kuliko zote, ila beba kadi ya memori ya pili ikiwa imeshanakiliwa tayari, maana kadi ndo inayokufa. Na fleshi nyingi zimefomatiwa FAT32, faili likizidi GB 4 halikubali kuingia, utajua usiku wa kuamkia onyesho.

Mtu: wa kubonyeza hahitajiki, wa kuiandaa anahitajika.

Vitakavyokukuta kwa mashine yoyote

Waya. HDMI ya kawaida ikizidi mita 10 mpaka 15 inaanza kuleta vimulimuli au giza kabisa, na meza ya opereta kwenye kumbi zetu iko nyuma kabisa, mita 25 hivi. Nunua kile kijozi kinachopitisha HDMI kwenye waya wa Cat6, au tumia SDI, waya wa video wa vifaa vya kitaalamu, ambayo HD yake inafika kama mita 100. Hela ya waya itenge kabla ya hela ya mashine, nasema hivi kwa msisitizo.

Umbali wa projekta unaupata kwa hesabu, chukua namba ya throo iliyoandikwa kwenye karatasi yake zidisha na upana wa kitambaa. Ya 1.5 kwa kitambaa cha mita 4 inataka mita 6. Ya 0.5 inataka mita 2, na hiyo unaweza kuiweka nyuma ya kitambaa ili vivuli vya waigizaji visikatize picha. Onyesho la wanafunzi saa nne asubuhi kwenye ukumbi wa madirisha halitaki mashine mpya, linataka mapazia meusi na projekta ya lumeni (kipimo cha mwanga) nyingi zaidi, kuanzia 4000 hivi.

Projekta ya taa, umeme ukikatika feni inazimika wakati taa bado ni ya moto, na ukirudi inakukatalia kuwaka mpaka ipoe, hapo dakika zinahesabika na watu wamekaa gizani. UPS ya projekta kazi yake ni kukupa dakika chache mpaka jenereta ishike, na hizo dakika ndo zinaokoa onyesho. Ya LED au leza inarudi haraka zaidi.

Video za simu nyingi zina fremu zinazobadilika badilika, ukiziediti midomo inaachana na sauti. Zipitishe kwanza HandBrake, bure pia, ziwe fremu 25 thabiti. Na ukirekodi chini ya taa za umeme wetu wa hezi 50 weka shata 1/50, picha haitapepesa.

Sauti ikitoka kwenye laptopu yenye chaja kwenda kwenye miksa mara nyingi inaleta muungurumo. Weka DI boksi katikati, kile kiboksi kinachotenganisha waya wa sauti ili muungurumo usipite.

Sasa kwa hali yako

Kama ni kikundi cha shule au kanisa, projekta moja, kyu chini ya 15, na laptopu mnayo tayari, baki na Windows na OBS, hela yote peleka kwenye waya, UPS na kitambaa.

Kama mnafanya maigizo yanayojirudia, kyu nyingi, sauti na picha zinaenda pamoja, na opereta anabadilika badilika, Mac na QLab itawatuliza hata kama mtajibana miezi sita kuipata. Mkiipata muwe na laptopu ya Windows pembeni yenye mafaili yale yale, maana Mac ikigoma Moshi siku ya Jumapili hamtapata ya kuazima.

Kama mbunifu wenu wa jukwaa anataka picha juu ya vitu, na mna mtu wa kudumu, na kuna kazi nyingine za kuilipa mashine, Resolume. Kama hamna hata kimoja kati ya hivyo vitatu, kodini kwa onyesho moja muone.

Kama picha ni mazingira tu, haibadiliki na maneno, Pi au kiboksi, hata kama hela ya Mac mnayo.

Wapo wanaochanganya, na sisi ni mmoja wao siku hizi, Pi inashika mawingu kwenye projekta ya pembeni, Mac inashika kyu, kuediti tunafanya kwenye dekstopu ya mtumba huko Sakina, Arusha, inayochukua usiku kucha kutoa video ya dakika 10 na hatuilaumu.

Na kama onyesho ni kesho kutwa na hamjanunua chochote, msinunue. Chukueni laptopu iliyopo, fungueni lile faili moja refu, likateni vipande, kila kipande kianzie na nusu sekunde ya weusi na kiishie kwa weusi, vipeni majina 01, 02, 03, wekeni OBS, bandikeni selotepu kwenye vitufe, afu mkalisheni kwenye meza mtu mmoja ambaye ameyaangalia mazoezi yote toka mwanzo, awe na skripti na tochi ndogo, na asiwe na kazi nyingine yoyote usiku huo.